Moshi Nyuma ya Jikoni kwa Apondi

Mzee Nicanor hakuwa mtu wa kuamini redio. Redio ikisema leo mvua, yeye anatoa mahindi nje anaanika. Ikisema jua, anatoka na mwavuli. Na si ati alikuwa na kiburi, hapana. Ni vile alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kwa kiwanda ya mbao huko Eldoret, kwa boila, kazi ya kulisha moto vipande vya mbao, na mtu akikaa na moto miaka hiyo yote anazoea kuangalia kitu na macho yake mwenyewe kwanza, halafu ndio afungue mdomo.

Sasa bibi yake Apondi, huyo ndiye alikuwa wa redio. Walikuwa wanakaa Kapseret, nusu eka, upande ule ndege zinashuka chini mpaka unaona magurudumu. Kila asubuhi saa moja na nusu Apondi anawasha kipindi kinaitwa Ajabu ya Leo. Hiyo kipindi watu wanapiga simu kutoka kila pembe. Huyu anasema mbuzi wake amezaa kitu iko na masikio matatu. Yule anasema kwao kuna jiwe linatoa jasho, lakini Jumapili peke yake. Mama mwingine alipasua yai akapata yai ingine ndani. Apondi anasikiza mwiko ukiwa juu, uji unamwagika kwa moto.

"Baba Vivian, umesikia? Yai ndani ya yai!"

"Na ndani ya hiyo ya pili?"

"Hawajasema."

"Basi wangepasua kwanza waangalie, ndio wapige simu."

"Wewe hata Yesu akirudi utamuuliza kitambulisho."

Hivyo ndivyo walikuwa wanakaa, na walikuwa wanakaa vizuri.

Halafu ikafika mwezi wa pili, ile kiangazi ya vumbi, wakati watu wanangoja trekta ilime wapande. Jumatatu asubuhi Apondi akatoka nyuma ya jikoni kumwaga maji ya vyombo, akaona moshi. Si moshi ya jikoni. Moshi ilikuwa inatoka kwa mchanga. Kulikuwa na ufa mdogo kama kidole, na hapo ndani moshi ilikuwa inapanda pole pole, nyeupe, kama mtu amekaa huko chini anavuta sigara yake bila wasiwasi. Apondi akainama akaweka mkono. Mchanga ulikuwa na joto kama tumbo ya ng'ombe amelala.

Mtu mwingine angepiga nduru. Apondi alipiga simu. Na hakupigia bwana yake, ambaye alikuwa tu hapo kwa boma anafunga ndama. Alipigia redio. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini, kipindi iko hewani, na mara ya kwanza tangu aanze kusikiza, simu ikashikwa. Nicanor aliingia jikoni kutafuta kamba, akasikia sauti ya bibi yake inatoka kwa redio, na bibi yake mwenyewe amesimama hapo mlangoni na simu kwa sikio.

"Ndiyo, inatoka chini," redio ikasema. "Hapana, hatujachoma kitu. Hapa ni Kapseret."

Nicanor aliangalia redio, akaangalia Apondi, akakaa chini.

Kufika saa nne watu walikuwa wamejaa. Boda boda zilikuwa zinaleta watu kutoka Kimumu, wengine wakatoka mpaka Kaptagat, wakimbiaji wamevaa zile nguo zao za kubana, wanapumua, wanauliza ni wapi. Mama wa kanisa walikuja na sare. Walikanyaga sukuma wiki yote ya Apondi. Kila mtu aliinama kwa ule ufa, ananusa, anasema ni harufu ya kiberiti. Kila mwenye ananusa, ni kiberiti. Nicanor alienda akanusa. Yeye hakusikia kiberiti. Alisikia moshi ya mti na kitu ingine kidogo kama mavi ya ng'ombe, lakini boma ilikuwa hapo karibu, kwa hivyo hakusema kitu.

Mchana ndio alikuja Byron. Huyu Byron alikuwa kijana wa mjini, mfupi, koti yake inang'aa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na simu akirekodi mambo ya ajabu anaweka kwa intaneti. Apondi alimjua sauti kabla amuone uso, maana wakati mwingine redio walikuwa wanamuita. Akamtolea kiti. Kiti ya wageni, ile ya kitambaa.

Byron aliweka simu yake juu ya ufa, akangoja, akatingisha kichwa.

"Mama, hii si mchezo. Ona hii namba. Joto inapanda."

"Simu inapima joto?" Nicanor akauliza.

"Iko na app, mzee."

"Hebu pima yangu."

Byron akacheka, lakini hakupima. Akageuka akaanza kuongea na simu kwa sauti ile ingine, kubwa. "Watu wangu, niko hapa Kapseret, na kile mnaona nyuma yangu inaweza kuwa ni volkano inaamka. Inaweza kulipuka kesho. Inaweza kulipuka saa hii."

"Na kama inaweza kulipuka saa hii," Nicanor akasema, "mbona wewe umeipatia mgongo?"

Watu walicheka. Lakini Apondi hakucheka. Apondi alikuwa ameshika leso yake na mikono mbili, na Nicanor akaona ule uso wake. Huo uso alikuwa ameuona mara moja tu, ule mwaka wa mabaya, wakati nyumba za watu zilichomwa wakalala kwa kanisa wiki tatu.

Jioni watu wakiisha kwenda Apondi akasema.

"Mimi nimepigia ndugu yangu kwetu Bunyore. Jumamosi pikapu inakuja."

"Kwa sababu ya huyo kijana wa koti?"

"Kwa sababu ya moshi. Mara ile ingine tulikimbia tukaacha kuku, tukaacha sufuria kwa moto. Mara hii sikimbii. Mara hii naenda nikitembea, na kuku yangu nimebeba."

"Na hii nyumba?"

"Kaa nayo."

Nicanor alijua bibi yake. Hakuwa mtu wa kusema kitu halafu arudi nyuma. Na alijua akienda Bunyore harudi, maana huko kuna dada zake, kuna kanisa yao, kuna ndizi. Na yeye angebaki Kapseret peke yake na ufa, ama aache nusu eka yake ambayo alilipa na jasho ya boila, aende kukaa kwa boma ya shemeji akiombwa apishe njia. Ilikuwa Jumatatu. Alikuwa na siku nne.

Akaanza kushuku watu.

Kwanza alishuku watu wa uwanja wa ndege, maana kulikuwa na maneno ati wanataka kuongeza barabara ya ndege, na mtu akitaka ardhi ya watu si anaanza na kuwaogopesha? Alipoangalia vizuri akaona hiyo barabara ikiongezwa haiwezi kukuja upande wake, iko mbali. Akashuku Byron. Labda amezika kitu hapo usiku arekodi asubuhi. Lakini Byron alionekana kwa hiyo shamba baada ya moshi, na viatu yake ilikuwa safi sana, huyo hajawahi kuchimba kitu. Akashuku mhubiri fulani aliyekuja na spika Jumanne. Huyo alimshuku bila sababu, ni vile tu hakupenda spika.

Halafu akafikiria Kigen.

Kigen alikuwa jirani yao upande wa juu. Baba yake Kigen, marehemu Mzee Arap Lelei, ndiye aliwauzia hiyo nusu eka. Kigen sasa alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye ng'ombe sita na maneno kidogo, na kila jioni alikuwa anaruka ile waya ya fensi iliyoanguka anakuja kunywa chai kwa Apondi. Kila jioni, miaka na miaka. Ule mwaka wa mabaya yeye ndiye alificha ng'ombe yao katikati ya zake, na ndiye alikuwa anawaletea maziwa kwa kanisa, amevaa koti mbili ndio asijulikane.

Sasa watu wametoka mpaka Kaptagat kuona moshi, na Kigen mwenye anaweza kurusha jiwe lifike kwa ufa, hajakuja. Jumatatu hapana. Jumanne hapana. Chai yake imekaa kwa thermos mpaka imepoa.

"Kigen ako mgonjwa?" Nicanor akauliza.

"Nilimuona akikata nepia ya kulisha ng'ombe," Apondi akasema. "Nilimpungia mkono, akaangalia chini."

Hiyo kitu ikamkaa Nicanor kwa roho.

Jumatano mchana Kigen akakuja. Hakuruka waya. Alizunguka na barabara kama mgeni, akabisha kwa geti. Na alipoingia hakuenda nyuma. Mtu gani anaingia boma yenye iko na volkano na haangalii volkano? Alisimama kwa mlango ya jikoni, kofia kwa mkono.

"Chamgei, Mzee. Mama Vivian, chamgei."

"Chamgei mising," Apondi akajibu. "Ulipotea. Kaa unywe chai."

"Sitakaa. Nimesikia mnaenda kwenu Jumamosi."

"Tunaenda."

"Tunaenda na nani?" Nicanor akasema. "Yeye ndiye anaenda."

Kigen akageuza kofia, akaigeuza tena. "Nilikuwa nafikiria, Mzee, ni vizuri hata wewe uende. Wiki moja tu. Mimi nitaangalia hapa. Ng'ombe nitakama. Nyinyi pumzikeni, mtarudi hii maneno ikiisha."

"Na utajuaje itaisha?"

Kigen akainamisha kichwa. Aliangalia viatu yake.

"Nimekuuliza, Kigen. Wewe ni mtu wa volkano siku hizi?"

"Ni vile nafikiria tu, Mzee."

Akaenda. Na Nicanor akabaki hapo mlangoni. Nendeni. Nitaangalia hapa. Maneno kama hiyo alikuwa amesikia ule mwaka, kutoka kwa midomo ingine, na wale walioenda wiki moja wengine mpaka leo hawajarudi. Lakini haikuwahi kutoka kwa Kigen. Kwa Kigen ilikuwa inatoka maziwa.

"Umesikia hiyo?" akamuuliza Apondi.

"Nimesikia."

"Na wewe unaona aje?"

Apondi alikuwa anafunga vikombe na gazeti. "Naona nipange haraka," akasema.

Alhamisi Nicanor aliamka mapema, ile saa mapambazuko inaanza na Kapseret iko na baridi ya kuuma masikio. Umande ulikuwa mwingi. Nyasi yote ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga. Alienda nyuma kuangalia ufa kabla watu waanze kujaa, akasimama, akaona kitu.

Umande ulikuwa kila mahali, lakini kulikuwa na mstari hauna umande. Mstari mwembamba, upana wa mkono, mkavu kabisa. Ulianzia kwa ufa, ukapita kando ya choo, ukapinda kidogo kama nyoka, ukapanda juu. Nicanor aliinama, na goti yake mbovu ikalia, akaweka mkono juu ya hiyo mstari. Joto. Akaweka mkono kando, hatua moja. Baridi.

Akaufuata. Alienda akiinama, anapapasa kama mtu amepoteza sindano, kutoka kwa ufa mpaka choo, kutoka choo mpaka ile waya iliyoanguka, na hapo akaingia kwa nepia ya Kigen. Nepia ilikuwa imekatwa. Hapo kwa kona, karibu na waya, kulikuwa na mabati kuukuu imefunikwa mchanga, na juu ya mchanga mavi kavu ya ng'ombe. Aliinua mabati na fimbo. Joto ikampiga kwa uso, na ile harufu. Hiyo aliijua. Miaka thelathini na moja ameilisha kwa boila. Mti wa blugamu. Chini kulikuwa na shimo kubwa kama meza, jeusi, na huko ndani mizizi ilikuwa inawaka nyekundu bila kutoa moto, ile kuwaka ya makaa, inaenda mbali chini ya ardhi kama barabara.

Na kisiki cha mpaka hakikuwepo.

Hapa inafaa mjue hiyo kisiki ilikuwa nini. Siku ile Arap Lelei aliwauzia shamba, kulikuwa na blugamu kubwa hapo kwa kona. Mzee aliukata ndio usiangukie nyumba ya Nicanor, akaacha kisiki, urefu wa goti, akasema hii ndiyo mpaka. Hakukuwa na mtu wa kupima. Aliita wazee wawili wa kwao, akamwaga maziwa juu ya kisiki, wote wakiona, akasema mtu yeyote ataondoa hii alama, awe wangu awe wa mwingine, asikule mavuno ya hapa yeye na watoto wake. Na kwa watu wa kwao Arap Lelei hiyo si maneno ya kutishia tu. Mtu anaweza kukosana na ndugu, anaweza kuuza ng'ombe yote ya baba yake akanywa pombe, na asamehewe. Lakini kuondoa mpaka, hapana. Hata jina yako watu wanakwepa kuitaja.

Nicanor alisimama hapo na fimbo yake, na ile kitu alikuwa ameogopa tangu jana ikakuja yote mara moja. Kumbe ni shamba. Anaondoa mpaka, anatufukuza na moshi, tukirudi nusu eka imekuwa robo.

Akasikia mtu nyuma. Kigen alikuwa amesimama na ndoo mbili za maji. Alipoona mabati imeinuliwa akaziweka chini, polepole, hakumwaga hata tone.

"Mzee."

"Usiniite mzee. Kisiki iko wapi?"

"Imechomeka."

"Naona imechomeka! Niko na macho. Nani amechoma?"

"Ni mimi."

"Baba yako alimwaga maziwa hapa. Nilikuwa hapa nimesimama. Wewe ulikuwa kijana, ulikuwa umeshika kibuyu!"

"Najua, Mzee. Najua ni mimi nilishika." Kigen akakaa chini kwa mchanga, mtu mzima, kama mtoto amechoka. "Ni trekta. Mwaka jana ile disk ya kulima ilivunjika kwa mizizi ya hii kitu. Mwenye trekta akasema hawezi tena, mpaka nitoe kisiki. Nikakaa nikafikiria. Nikasema nitachoma pole pole, na mavi na mabati juu, hakuna mtu ataona moshi, halafu hapo hapo napanda kaiyaba iwe ua. Mpaka inabaki pale pale, kisiki tu ndio inatoka. Sikujua mzizi imeenda mpaka jikoni kwa Mama."

"Na ulipojua?"

"Nilipojua tayari ilikuwa kwa redio."

"Ungekuja useme."

"Niseme nini? Watu mia wamesimama hapo. Niseme mimi ndiye nimechoma mpaka ya baba yangu? Mzee, mimi niko na watoto. Nilikuwa nataka muende wiki moja. Nichimbe, nizime, nipande kaiyaba, mrudi mkute imeisha. Nimekuwa nikimwaga maji kila asubuhi. Hii mizizi inakunywa maji kama ng'ombe, na haizimi."

Nicanor akachokora makaa na fimbo yake. Alikuwa anataka kumuamini, na hiyo ndiyo ilikuwa inamkasirisha. Huwezi kujua. Mtu anayesema ukweli na mtu anayeiba shamba, wote wawili wangesema maneno hayo hayo, wangekaa chini kwa mchanga vile vile.

"Hauwezi kuizima na ndoo," akasema mwisho. "Hiyo unachimba mbele yake, unakata mzizi, inakosa njia. Leta sururu."

Walichimba Alhamisi na Ijumaa, wale wawili, na watu waliokuja kuona volkano wakaona wanaume wawili wanatoa mizizi. Wengi walirudi na hasira. Byron alirekodi kidogo, Nicanor akamwonyesha mzizi vile inawaka, akamweleza yote, ila jina ya Kigen na maneno ya maziwa hakutaja. Byron akasikiza, akafunga simu.

"Kisiki, mzee? Watu hawawezi kuangalia kisiki."

"Juzi si waliangalia moshi?"

"Moshi ya volkano. Hiyo ni moshi ya kisiki." Akapanda boda akaenda.

Ijumaa jioni ufa ulikuwa umepoa. Nicanor alimwita Apondi aweke mkono. Akaweka. Baridi.

"Sasa unaona. Mwambie ndugu yako pikapu isikuje."

Apondi alipangusa mkono kwa leso. "Baba Vivian, volkano ni ya Mungu. Ningeambiwa ni volkano, ningeogopa na yaishe. Lakini huyu mtu amekunywa chai yangu. Ameona nikilia, ameona nikifunga vikombe, akasimama kwa mlango yangu akaniambia niende. Na alikuwa anajua ni moshi yake. Niambie wewe mwenye hauamini kitu: una uhakika hakuwa anataka shamba?"

Nicanor akachukua sururu, akaanza kuipangusa mchanga.

"Pikapu itakuja," Apondi akasema.

Na ikaja. Jumamosi saa moja ilikuwa hapo kwa geti inanguruma, dereva ni kijana wa ndugu yake. Walipakia kitanda, wakapakia sufuria, kuku wakawekwa kwa kikapu. Redio ilikuwa ya mwisho. Apondi alikuwa ameiacha juu ya dirisha inaongea peke yake, na saa moja na nusu Ajabu ya Leo ikaanza. Mtangazaji akasema Kapseret bado inatoa moshi, watu waombe. Halafu akashika simu.

"Hujambo msikilizaji, tupe ajabu yako."

"Mimi naitwa Kigen," redio ikasema. "Wa Kapseret. Mwana wa Arap Lelei."

Apondi alikuwa ameshika mto, akasimama nao.

"Hiyo moshi mnasema si volkano. Ni mimi."

"Ati wewe ni volkano, mzee?" Mtangazaji akacheka, na kulikuwa na mwingine hapo naye akacheka.

"Nilichoma kisiki ya mpaka. Ile baba yangu alimwagia maziwa. Watu wa kwetu wananisikia, wanajua ni nini nimesema. Sikuwa nataka shamba ya mtu. Nilikuwa nataka trekta ipite. Halafu nikaogopa nikanyamaza, na mama wa watu anahama kwa sababu yangu. Mama Vivian, kama umefungua redio..."

"Asante, asante mzee, hiyo si ajabu, hiyo ni uvivu wa kuchimba! Tuna msikilizaji mwingine kutoka Turbo ambaye paka wake..."

Dereva alikuwa na mguu kwa mafuta, gari inapiga kelele. Nicanor aliangalia redio, na mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na swali. Mtu hawezi kujitaja hivyo, kwa jina ya baba yake, Uasin Gishu yote ikisikia, ndio apate robo eka. Hiyo bei hakuna mtu analipa.

Apondi aliweka mto juu ya kitanda.

"Zima gari," akamwambia dereva. "Unatuletea moshi ingine."

Akapita kando ya choo, akapanda mpaka kwa shimo. Nicanor akafuata na goti yake. Walimkuta Kigen amesimama hapo, simu bado iko kwa mkono, mche wa kaiyaba umelala chini miguuni. Alipoona Apondi akavua kofia. Apondi akaja karibu. Alimwangalia tu mpaka Kigen akaangalia chini.

"Unapanda wapi?" Nicanor akauliza, maana ilikuwa lazima mtu aulize kitu.

"Hapa." Kigen akaonyesha na kidole. "Katikati."

"Katikati ya nini? Hii shimo imechimbwa kila upande. Kisiki ilikuwa huku."

"Hapana, Mzee, ilikuwa hapa. Nimelima hapa miaka yote."

"Na mimi nimekaa juu yake nikivua viatu miaka yote. Ilikuwa huku, kuelekea kwako."

"Kuelekea kwangu vipi? Ilikuwa inaangalia choo yenu!"

"Kigen, usianze."

"Si mimi nimeanza, Mzee, ni wewe umeuliza."

"Nyamazeni nyinyi wote," Apondi akasema.

Akaingia kwa shimo. Alizunguka kidogo, anaangalia jikoni yake, anaangalia ng'ombe za Kigen, kama anapima na jicho. Akasimama. Akakanyaga mara mbili na kisigino kwa majivu.

"Ilikuwa hapa nimesimama."

Nicanor akahesabu kwa roho yake. Bibi yake alikuwa ameingia kwa Kigen hatua nzima kupita pale kisiki ilikuwa. Akageuka kumwangalia Kigen, na akaona Kigen naye amehesabu, maana macho yake yalitoka kwa miguu ya Apondi yakaenda kwa waya, yakarudi. Nicanor akataka kusema. Apondi akamwangalia ile kuangalia ya nyumbani.

Kigen akachukua jembe.

"Basi songa kidogo, Mama," akasema, "nisikukate vidole."